Udi Ndio Hunipa Maneno

Natunga nyimbo za harusi hapa Langoni, Lamu, na chombo cha muziki ninachopiga ndicho kinachoniamulia niandike nini. Kinanda cha umeme kikiwashwa hunijia kiitikio kifupi, mdundo mbele, watu wainuke wacheze. Nacho kina siku yake.

Udi, ile ala ya nyuzi, ni mambo mengine kabisa. Shingo yake haina vizuizi, kwa hiyo kidole hutua katikati ya noti mbili za kinanda. Humo ndimo inamokaa makamu ya rasti, mpangilio mmoja wa noti katika muziki wa Kiarabu, na humo ndimo napata ile huzuni ninayoitafuta. Mlio wa udi hauvumi muda mrefu. Hufifia upesi, na pale unapofifia ndipo nami hutia neno. Mashairi yangu ya mizani 16, nane kwa nane, huja nikiwa nimeupakata tu.

Kisha mzee mmoja fundi akaniazima kibangala, ala ya nyuzi yenye uso wa ngozi. Mlio wake mkavu, wa karibu, kama mtu anayekunong'oneza barazani. Usiku uleule nikaandika beti za mke anayemngoja baharia, mimi ambaye sijawahi kutunga kwa sauti ya mwanamke! Ngozi ikinywa unyevu hulegea na mlio hushuka, na hata hilo nalipenda.

Vijana huniambia simu ina sauti ya udi. Nimeisikia: haina mkwaruzo wa kidole wala pumzi ya mbao, nami hainipi hata mstari.

Sasa natafuta zumari ya kuazima. Mwenye nayo hapa mjini, tafadhali aniambie.