Shemeji wa Texas na fataki za ng'ambo

Mdogo wake mke wangu anaishi Texas, na huko ameshikwa na hamu ya kujaza risasi nyumbani. Jumamosi anaenda uwanja wa shabaha, anaokota maganda yake, anayasafisha, anatia fataki mpya (kile kikombe kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti), baruti na kichwa cha risasi, halafu Jumamosi nyingine anayapiga tena. Huko ni halali, na vifaa vinauzwa dukani. Hapa Lubumbashi risasi ni mambo ya wenye vibali. Mimi sina bunduki na sitafuti. Ila nakereza vyuma hapa Kampemba tangu ujana, na shemeji anaamini kwamba mtu anayeshika mikromita kila siku hawezi kushindwa na kikombe cha shaba. Basi ananipigia WhatsApp usiku, kwake bado jua linawaka, anasogeza kasha mbele ya kamera: "Yaya, hizi za Bosnia zina bei nzuri. Nichukue?"

Namwelewa kuhusu bei. Kabla ya 2020 fataki 1000 alizipata kwa dola 30 hivi. Halafu ukaja ugonjwa wa korona, watu wakanunua bunduki na risasi kwa hofu, rafu zikabaki tupu, na walanguzi wakapandisha kupita dola 100. Ndipo majina ya ng'ambo yalipoanza kuonekana kwa wingi: Ginex ya Goražde huko Bosnia, Fiocchi ya Italia, Sellier & Bellot ya Czech. Za Urusi zilikuwa na wapenzi wake pia, lakini Septemba 2021 serikali ya Marekani ilianza kukataa vibali vipya vya kuingiza risasi za Kirusi.

Mimi nilimwambia aweke bei pembeni kwanza, anionyeshe ganda. Fataki ni kikombe cha shaba chenye punje ya dawa inayolipuka ikigongwa. Ili igongwe sawasawa inahitaji fuawe nyuma yake, na hapo ndipo dunia iligawanyika. Mwaka 1866 Hiram Berdan, Mmarekani, alipata hataza ya mtindo wake: fuawe ni sehemu ya ganda lenyewe, na kwa kawaida moto unapita matundu mawili madogo. Mwaka huohuo Edward Boxer, Mwingereza, akaleta wake: fuawe imo ndani ya fataki, na ganda lina tundu moja katikati. Basi Wamarekani wakashika mtindo wa Mwingereza, na Ulaya ikashika sana ule wa Mmarekani. Kwa mjazaji wa nyumbani Boxer ndiyo rahisi, kwa sababu pini moja nyembamba inapita lile tundu na kuisukuma fataki kuukuu nje. Kiwanda cha Ulaya kinaweza kutengeneza aina zote mbili, kwa hiyo kitu kikitoka mbali soma kasha mpaka mwisho. Shemeji alisoma: Boxer. Vizuri.

Kisha vipimo, na hapo nilijisikia niko nyumbani. Fataki ndogo ina kipenyo cha milimita 4.45 hivi, kubwa 5.33. Ndogo za bastola na ndogo za bunduki ndefu zinalingana kwa umbo, ila za bunduki ndefu zina ukuta mnene zaidi, maana shinikizo ni kubwa. Kwa zile kubwa, ya bunduki ndefu imezidi urefu. Ukiitia kwenye ganda la bastola itachungulia nje ya kitako, na fataki inayochungulia ni hatari. Za Czech na Bosnia wajazaji wengi wanasema zinaingia kwa kubana. Shemeji alitaka kujua kama kubana ni kasoro. Nikamjibu: kwa sisi wakereza kubana siyo kasoro mpaka uone kikombe kimepindika. Lakini asitumie nguvu. Kitu kilichotengenezwa kilipuke kikigongwa hakisukumwi kwa hasira. Akague kwanza kama ganda ni la kijeshi, kwa sababu mengi ya jeshi yamefinywa ukingo ili fataki isitoke, na ule ufinyo lazima uondolewe kabla ya kutia nyingine.

Ulaini wa kikombe ndio uliotuchukua muda mrefu. Fataki za Federal, za Marekani, zina sifa ya kuwa laini, zinawaka hata kwa kigongeo dhaifu. Za CCI, za Marekani pia, zina sifa ya ugumu. Nyingi za Ulaya zinahesabiwa upande wa ngumu. Bastola iliyolegezwa springi ili kifyatulio kiwe chepesi inaweza kuigonga fataki ngumu isiwake. Kwa upande wa pili, bunduki ndefu kama SKS na AR-15 pini yake ya kugonga inaelea, haizuiwi na springi, na bolti ikijifunga inaweza kuigusa fataki. Hapo unataka ugumu. Ndiyo maana CCI wanatengeneza namba 34 na 41 kwa kipimo cha kijeshi. Shemeji ana AR-15. Kwa hiyo ule ugumu ambao wenzake uwanjani wanaulalamikia, kwake ni faida.

Jambo moja la kukataa bila majadiliano ni fataki kuukuu za dawa ya kloreti. Zikiwaka zinaacha chumvi ndani ya mtutu, chumvi inavuta unyevu, na chuma kinaliwa. Sisi wa huku, tunaojua mvua za Januari zinavyoshambulia chuma tupu, hatuhitaji maelezo. Fataki mpya za kiraia kutoka viwanda hivi nilivyotaja hazina tabia hiyo. Shida ni bidhaa za akiba za majeshi ya zamani, ambazo bei yake ndiyo tamu kuliko zote.

Shemeji ana uzalendo wa mgeni: anaona vibaya kununua cha nje wakati kiko cha Marekani. Nilicheka. CCI inatengenezwa Lewiston, Idaho, na Federal huko Anoka, Minnesota, lakini tangu mwisho wa 2024 zote mbili ni mali ya kampuni moja ya Czech, ambayo ndiyo hiyohiyo yenye Fiocchi. Sellier & Bellot nayo ilianza 1825 mjini Prague kwa kutengeneza fataki hasa. Mtu aliyefanya kazi hiyo miaka mia mbili hahitaji kuombewa msamaha.

Nilichomkazia zaidi ni hiki: akibadilisha fataki, ashushe baruti mpaka kiwango cha kuanzia cha kitabu cha vipimo vya kujazia, apande polepole tena. Moto wa fataki moja siyo sawa na wa nyingine, na shinikizo linapanda bila kupiga hodi. Anunue fataki zenye namba ileile ya uzalishaji, aziache kwenye kasha lake la kiwandani. Kuzimwaga kwenye chupa ya kioo ni kutengeneza bomu.

Na mikono! Dawa ya fataki nyingi ina risasi ile ya metali, na vumbi lake linakaa kwenye maganda yaliyopigwa. Yeye ana mtoto anayetambaa. Nilimkumbusha Kabwe, hapo Zambia, ambako mgodi wa risasi hiyo ulifungwa 1994 na mpaka leo watoto wanapimwa damu wanakutwa na sumu yake. Asisafishie maganda jikoni. Aoge, abadilishe shati, ndipo ambebe mtoto.

Alichukua 1000 za Czech kwa ajili ya AR-15, na za Bosnia kidogo za kujaribu kwenye bastola. Sasa anataka nimchagulie presi, yaani mashine ya kujazia. Nimemwambia aulize watu wa uwanjani kwake, mimi nina shafti ya lori la Kasumbalesa inanisubiri.