Mtoto Asiyefunikwa

Kondo la nyuma lilibanduka kabla ya wakati, mke wangu akakimbizwa kupasuliwa, na mtoto akatolewa mlegevu, hana kilio. Wakampulizia hewa, moyo ukashika mwendo. Mimi nikadhani tumeshavuka.

Daktari akanivuta pembeni. "Baba, seli zilizokufa zimekufa. Tunagombea zilizobaki." Akanieleza kwamba damu iliyopungua ubongoni huumiza mara mbili. Ikisharudi, ubongo hutulia kwa saa chache, kisha seli zilizojeruhiwa huanza kuangamizana: zinamwaga glutamati, kemikali ambayo seli za ubongo hupashana nayo habari, kupita kiasi, kalsiamu inamiminika ndani ya zile za jirani, nazo zinaishiwa nguvu na kufa. Kwa hiyo katika kipindi hicho cha utulivu, ndani ya saa 6 tangu kuzaliwa, mtoto hupoozwa mwili mzima hadi nyuzi 33.5 za sentigredi, akae hapo saa 72. Ubongo uliopoa hula oksijeni na sukari kidogo.

Kuelewa nilielewa. Kazi ilikuwa kumtazama. Alilazwa uchi kwenye godoro linalopitisha maji baridi, na nikimgusa mguu naondoa mkono haraka. Mama mkwe alikuja na blanketi na kofia ya sufu. Sista akavipokea kwa adabu, akavifungia kabatini. "Huyu hatumfuniki, mama." Mama akanigeukia mimi, kana kwamba wodi ni yangu. Sikumlaumu. Mtoto mchanga hufunikwa, na kwa karibu kila mtoto mwingine angekuwa sahihi.

Usiku mashine ikapiga kelele: mapigo ya moyo yameshuka chini ya 100. Niliruka kitini. Sista alikuja kwa mwendo wake uleule, akamkagua, akarekebisha kengele. "Ni baridi tu, baba. Na moyo nao umepunguza kasi."

Saa zilipotimia nilitarajia wamfunike mara moja. Wapi! Walimpandisha taratibu, nusu nyuzi kwa saa, maana joto likirudishwa kwa pupa degedege linaweza kuzuka. Nadhani hapo ndipo nilipochoka zaidi.

Baadaye picha ya ubongo kwa mashine ya MRI haikuonyesha jeraha kubwa. Daktari hakuahidi kitu. Alisema tutahudhuria kliniki mpaka atembee na kusema, kwani mengine huonekana huko. Mke wangu alikuwa na swali moja tu: atamnyonyesha lini?

"Mjaribu sasa hivi, kama atafyonza."

Kufyonza alifyonza, tena kwa fujo.