Jinsi tulivyokusanya picha za zamani za mji bila kumchukulia mtu picha yake

Chama chetu cha historia ni kidogo: wanachama wachache, wengi wao wastaafu, na chumba kimoja nyuma ya maktaba. Kwa miaka mingi tulikuwa tukiomba watu watuletee vitu vya kale, na vitu vilikuja kweli. Vyerehani, mashine za kuandikia, saa zilizokwisha kufa, mpaka kupita chumbani ikawa shida. Picha za mji na watu wake, ambazo ndizo tulizozitaka hasa, hazikuja. Nilipochaguliwa kuwa katibu nikaamua kulishughulikia hilo kwanza.

Si kwamba watu walikuwa wachoyo. Ukimwambia mtu atoe picha ya marehemu baba yake kwa ajili ya historia, anachosikia ni kwamba haitarudi. Wengine walishaazimisha albamu huko nyuma zikapotelea mikononi mwa watu. Basi tukabadili ombi. Tukasema picha ni yako na itabaki kuwa yako. Sisi tunakuja na skana, tunaiskani ukituangalia, tunaondoka na nakala.

Mama mmoja niliyejua ana albamu nene alinipokea na neno lake tayari.

"Marahaba, mwanangu. Ila kama umefuata albamu yangu, haitoki humu ndani."

"Wala haitatoka, mama. Nionyeshe tu meza iko wapi."

Tulikaa naye mpaka jioni, na siku ya pili alikuwa amemwita dada yake aje na zake.

Kwa upande wa mashine hakuna maajabu. Skana bapa ya kawaida inatosha. Picha ya ukubwa wa kawaida tunaiskani kwa nukta 600 kwa inchi, zile ndogo kama za pasipoti kwa 1200. Faili la kuhifadhi ni TIFF, aina kubwa isiyopunguza ubora wa picha, halafu tunatoa JPEG, aina nyepesi, ya kutumia kila siku. Upande wa nyuma nao unaskaniwa, hata ukionekana mtupu, maana mhuri hafifu wa studio au mwandiko wa penseli mara nyingi huonekana vizuri zaidi kwenye kioo cha kompyuta kuliko kwa macho. Nakala zinakaa tatu, na mojawapo iko kwenye jengo jingine kabisa.

Kazi kubwa ni maongezi. Skana inapokwenda taratibu, mwenye picha anaanza kuzungumza mwenyewe, nasi tunarekodi kwa simu, kwa ruhusa yake. Tunamwomba ataje waliopo kuanzia kushoto kwenda kulia, mahali, aliyepiga, na jinsi picha ilivyomfikia. Mwaka siuulizi moja kwa moja. Mtu akibanwa na mwaka atataja wowote ili akuridhishe. Namuuliza kama ilikuwa kabla ya daraja kujengwa au baada, kama kifungua mimba wake alikuwa amezaliwa, kama shule ilikuwa imeezekwa. Kwa majibu hayo mwaka unajileta wenyewe, au angalau muongo. Wazee wawili wakipingana, rejesta inaandika kauli zote mbili na nani kasema ipi. Sioni kwa nini katibu awe hakimu wa mambo yaliyotokea kabla hajazaliwa.

Albamu zilizotusumbua ni zile zenye kurasa za gundi na karatasi ya plastiki juu, zilizopendwa sana miaka ya 1970. Gundi ile huzeeka vibaya. Picha ikigoma kutoka, ukiivuta inachanika. Huwa tunaskani ukurasa mzima kwanza, ili hata likitokea la kutokea nakala ipo. Kisha, mwenyewe akikubali, tunapitisha uzi wa kusafishia meno nyuma ya picha, polepole, kama anayekata sabuni. Ikikataa tunaiacha ilipo. Selotepu hatuigusi, wala haturuhusu mtu abandike mpya mbele yetu. Nyuma ya picha huandikwa kwa penseli laini, pembeni, si kwa kalamu ya wino.

Kuna bahasha moja ya negativu, zile filamu ambazo picha husafishwa kutoka kwake, iliyofunguliwa chumba kizima kikanuka siki. Hiyo ni dalili ya filamu ya asetati, aina ya plastiki, inayooza, na mvuke wake huharakisha kuoza kwa zilizo jirani, kwa hiyo tulizitenga na kuziskani mapema kabla hazijakunjamana. Tulikuwa tumejiandaa kwa jambo baya zaidi: filamu za naitreti, zilizotengenezwa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950, hushika moto upesi na huweza kuendelea kuwaka hata chini ya maji. Ukikuta unazozishuku usizirundike ndani. Tafuta mhifadhi nyaraka aliyesomea kazi hiyo.

Fomu ya ruhusa ina maneno machache: chama kinaruhusiwa kuonyesha picha au la, kuchapisha au la, na jina la mwenyewe litajwe au lifichwe. Kuwa na picha mkononi si sawa na kuwa na hakimiliki yake, hasa iliyopigwa studio, kwa hiyo jina la mpiga picha tunalitafuta pia. Tuliongeza safu ya "isionyeshwe mpaka" baada ya mzee mmoja kutukabidhi nakala ya picha ya harusi kwa sharti kwamba isitoke mpaka wote waliogombana siku ile wawe wametangulia. Akacheka, lakini sharti lilikuwa la kweli, na limeandikwa.

Zimebaki zile ambazo hata wenyewe hawazijui. Nakala zake tunazichapa kwa karatasi ya kawaida na kuzibandika ukutani pa kuingilia maktaba, kila moja na namba yake na nafasi ya kuandika, penseli ikiwa imefungwa kwa kamba. Majina hujitokeza, na ugomvi pia: chini ya picha ya timu ya mpira mtu aliandika jina la golikipa, mwingine akalikata, wa tatu akaandika kwamba golikipa ni yeye mwenyewe na yuko hai, aje aulizwe. Tumempangia Jumamosi.