Sifuri poa, hasi ina kesi

Kuna dogo huku Sakina kajitosa kuandika draiva ya Linux (programu ya kuendesha kifaa) ya kipima unyevu wa udongo, anataka kukifunga kwenye shamba la nyanya la mamake huko Ngaramtoni. Sasa draiva yake ilikuwa na kituko, ukiwasha mashine kifaa kikiwa kimechomekwa dmesg (logi ya keneli, yaani kiini cha Linux) inalia probe, fankisheni ya draiva ya kukagua na kuanzisha kifaa, imefeli na erori 1, ukiwasha kimechomolewa, kimya, keneli imekipokea kwa mikono miwili. Nafungua faili nakuta probe inarudisha 1 ikifaulu na 0 ikifeli. Ananiambia, "kaka, si 1 ndo ndiyo?"

Ni ndiyo kama fankisheni inauliza swali, mfano kifaa kipo au hakipo. Ila probe haiulizi, inafanya kazi, na fankisheni inayofanya kazi kwenye keneli inarudisha 0 mambo yakienda sawa, yakigoma inarudisha namba hasi yenye sababu: -EIO (kusoma au kuandika kumegoma), -ENOMEM (memori imeisha), -ENODEV (kifaa hakipo). Hasi kwa sababu chanya ina kazi yake, read na write zinarudisha idadi ya baiti zilizosomwa au kuandikwa.

Sasa kinachoniudhi mimi ni copy_from_user, ya kunakili data kutoka kwenye programu kuja kwenye keneli, hii haifuati hata moja ya hayo, yenyewe inarudisha idadi ya baiti ILIZOSHINDWA kunakili. Dogo kwenye write yake kaandika return copy_from_user moja kwa moja, maana yake programu ikileta baiti 64 kwa anwani mbovu, zote 64 zinagoma, draiva inarudisha 64, na programu inaondoka imefurahi kabisa eti zote zimeandikwa 😂 Hapo unaangalia tu kama jibu si sifuri, unarudisha -EFAULT (anwani mbovu), basi.

Halafu acheni kugeuza kila erori iwe -EINVAL (umeleta kitu kisicho sahihi) jamani. Ukiomba umeme wa kifaa ukapewa -EPROBE_DEFER, ambayo ni -517, keneli inakwambia draiva unayoitegemea haijaamka, itakuita tena baadaye, sasa wewe ukiibadilisha hakuna atakayekuita. Ipitishe kama ilivyo.

Dogo ameshaanza kuniulizia FreeBSD, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta kama Linux. Nimemwambia atulie kwanza, maana huko erori ni namba chanya, na probe ikirudisha BUS_PROBE_DEFAULT, ambayo ni -20, ndo imekubali kifaa.