Kolajeni ya Kunywa na Ngozi ya Utu Uzima
Wanawake wa rika langu huniuliza kama unga wa kolajeni, ile protini inayoipa ngozi uimara, unarudisha ngozi ya ujanani. Homoni ya estrojeni inaposhuka wakati wa kukoma hedhi, ngozi hupoteza takriban asilimia 30 ya kolajeni yake katika miaka 5 ya mwanzo, kwa hiyo hamu yao naielewa. Hata hivyo, unga ukishamezwa huvunjwavunjwa kuwa asidi amino na vipande vidogo vya protini, ambavyo mwili huvitumia popote unapovihitaji, si lazima usoni. Zipo tafiti zilizoona ngozi ikipata unyevu na kunyumbuka zaidi kidogo, ila nyingi zimegharamiwa na watengenezaji wenyewe, nami huzisoma kwa tahadhari.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni bayotini, aina ya vitamini B inayouzwa kwa ajili ya nywele, kucha na ngozi: dozi kubwa huweza kuvuruga vipimo vya damu, vikiwemo vya tezi ya thairoidi na kile cha troponini kinachotumika kutambua shambulio la moyo, kwa hiyo mwambie daktari kabla hujatolewa damu. Fedha ya kopo la kolajeni ningeinunulia losheni ya kukinga jua, kwani miale ya jua ndiyo inayozeesha uso kuliko chochote kingine kitokacho nje ya mwili.