Kila Mtu Huenda Dubai Kununua, Mimi Nilikwenda Kuendesha Baiskeli

Nilipomwambia mama nakwenda Dubai, alinyamaza kidogo kama anayepiga hesabu, kisha akaanza: udi wa nyumba, shuka mbili za kitanda kikubwa, tende, na yale mafuta ya nywele "ambayo hapa watu wanauziwa feki". Nikamwambia, mama, mzigo wangu mimi ni baiskeli. Akaniangalia vile anavyomwangalia samaki aliyelala. "Kwani barabara za Mombasa zimekwisha?"

Hazijakwisha, ila zimejaa. Nakaa Kisauni na kazi yangu iko mjini, kwenye ofisi ya wakala wa forodha, na huu mwaka wa tano naenda kazini kwa baiskeli. Anayelijua daraja la Nyali saa moja asubuhi hahitaji kuelezwa: matatu kulia, tuktuk kushoto, bodaboda anapenya katikati, na mwanamke mwenye hijabu juu ya baiskeli anapigiwa honi na wote watatu. Nilikuwa na hamu moja tu, kukaa kwenye gia kubwa nikaenda na kwenda, bila honi, mpaka miguu yenyewe iseme basi. Binti wa khalati yangu, anayefanya kazi saluni Deira, mtaa wa Dubai, ndiye aliyenitajia Al Qudra: njia ya baiskeli jangwani nje ya Dubai, kilomita 86 za lami, gari halikanyagi. Nikaweka nia. Januari nikaenda.

Mazoezi niliyafanya hapa hapa, wiki nane. Siku za kazi, baada ya swala ya alfajiri, Kisauni hadi Mama Ngina na kurudi kabla matatu hazijaamka. Jumapili, na wenzangu watano, Mtwapa hadi Kikambala. Mlima wetu mkubwa kuliko yote ni lile daraja, nikawa na wasiwasi, hadi nilipojua kwamba Al Qudra nayo ni tambarare. Adui ni yule yule, upepo. Kaskazi ikivuma, kwenda Kikambala unasukuma ukuta, kurudi unasukumwa wewe. Kwa hiyo kanuni niliyokwenda nayo ni ya nyumbani: anza kwa kuukabili upepo ukiwa na nguvu, usiuache kwa mwisho.

Fundi wangu wa Kongowea alinitafutia katoni iliyokuja na baiskeli mpya, akanipa maagizo. Toa pedali, geuza usukani, punguza upepo kwenye tairi, na kile kidude cha gia cha nyuma kifungue, ukizungushie kitambaa, ukifunge ndani ya fremu. Yote niliyafanya isipokuwa hilo la mwisho. Ilikuwa saa sita usiku na spana haikuonekana. Jambo moja nililifanya bila kuambiwa na mtu, kwa sababu ndio kazi yangu: nilipiga picha namba ya fremu na kuweka risiti ya baiskeli pamoja na pasipoti. Najua katoni kubwa inayotoka Dubai inavyoangaliwa.

Safari yenyewe siku hizi ni nyepesi. Flydubai walianza kuruka moja kwa moja kutoka Mombasa Januari 2024, saa tano hivi angani, hakuna tena kuzunguka Nairobi. Viza ya utalii wakala alishughulikia. Baiskeli niliitaja siku ile ile ya kukata tiketi, kwa sababu ukimtokezea mtu wa kaunta na boksi la urefu wa mlango asubuhi ya safari, usitarajie tabasamu.

Chumba cha Deira wanalala wanawake wanne. Katoni ikasimamishwa kwenye baraza kama mgeni wa sita, baada yangu. Nilipoifungua, kile kidude cha gia kilikuwa kimepinda kuelekea ndani, kinagusa spoki. Nilijitukana mwenyewe kwa Kimvita safi. Tukatembea mitaa miwili tukampata fundi Mpakistani mwenye kibanda cha upana wa godoro. Hatukuwa na lugha ya pamoja. Aliinama, akafumba jicho moja, akalitazama gurudumu kwa nyuma kama anayelenga bunduki, akashika spana na kuvuta polepole, akitazama, akivuta, akitazama. Dakika kumi. Dirham 20, kama shilingi mia saba, na kikombe cha karaki juu. Karaki ni chai ya maziwa yenye iliki. Yaani ni chai yetu, wameipa jina jingine.

Kabla ya kutoka barabarani, binti khalati alinisomea sheria kama mwalimu wa madrasa. Kofia ngumu ni lazima. Taa nazo lazima, na kizibao kinachong'aa. Barabara zenye mwendo wa zaidi ya kilomita 60 kwa saa baiskeli haziruhusiwi, kwa hiyo ile ndoto ya kuendesha kwenye Sheikh Zayed Road nikaiweka kando. Maana yake pia ni kwamba kutoka Deira hadi Al Qudra huendi kwa kukanyaga. Ni karibu saa nzima kwa gari. Shemeji wa rafiki yake ana pikapu, tukakubaliana nimjazie mafuta. Asiye na pikapu si lazima abebe baiskeli kutoka nyumbani, maana pale mwanzo wa njia kuna duka la kukodisha. Ila mimi na baiskeli yangu tunajuana.

Niliambiwa niepuke Jumamosi na Jumapili. Tangu 2022 hizo ndizo siku zao za mapumziko, na njia hujaa vikundi vinavyopita kama treni. Nikachagua Jumanne. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, tukaswali njiani, na tulipofika nikashuka kwenye pikapu nikitetemeka. Mtu wa Mombasa anafikiria jangwa ni tanuri. Januari alfajiri jangwa lile ni friji. Na juu ya baridi, ukungu, ukungu mzito unaokaa chini hata huoni mita hamsini mbele. Baada ya kilomita tano nyusi zangu zilikuwa zinadondosha maji. Nimekwenda jangwani nikalowa!

Nilijifunga hijabu ya michezo chini ya kofia, shati refu la mikono mirefu, suruali pana iliyobanwa kifundoni isiingie kwenye mnyororo. Hakuna aliyegeuka kuniangalia. Wanawake wawili walinipita, mmoja akainua kidole gumba, wakamezwa na ukungu. Nilibaki na sauti ya tairi tu, ile sauti ya kitambaa kinachopasuliwa taratibu, ambayo nyumbani sijawahi kuisikia kwa sababu ya injini.

Kama saa moja na robo jua lilipanda na ukungu ukaanza kujikunja. Hapo ndipo nilipomwona. Alikuwa kando ya njia, hatua ishirini, mweupe kabisa, miguu imepakwa giza, pembe mbili ndefu zilizonyooka kama vijiti vya kuchomea mishikaki. Choroa. Tsavo nimewaona choroa, lakini wale wetu wana rangi ya udongo na hukimbia ukiwa bado mbali. Huyu alinitazama, akatafuna, akaendelea kutafuna. Choroa wa Arabia walikuwa wameshatoweka porini mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakabaki waliofugwa tu, na kutoka kwa hao ndio wakarudishwa jangwani. Nilisimama mpaka jasho likapoa mgongoni. Sikumpiga picha nzuri hata moja, zote zina kidole changu.

Mzunguko mkubwa ni kama kilomita 50. Nilitumia saa tatu, na mapumziko kwenye vibanda vya kivuli vilivyo njiani. Upepo ulinigeukia kwenye kilomita thelathini, kinyume na mipango yangu yote ya Kikambala.

Kuna jambo la maji ambalo karibu liniangushe. Mombasa jasho linatiririka, linakuingia machoni, unakumbuka kunywa hata usipotaka. Kule hewa ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, unajiona mkavu na mwenye afya kumbe unakauka kweli. Kwenye kilomita arobaini kichwa kilianza kugonga. Nilipotazama shati langu jeusi, begani palikuwa na mistari myeupe ya chumvi, mmoja juu ya mwingine, kama ile inayobaki kwenye mawe ya Bandari ya Kale maji yakitoka. Nilikuwa na chupa mbili na moja ilikuwa bado haijafunguliwa. Nilikaa kibandani, nikala tende tatu, nikanywa maji niliyoyatia ndimu na chumvi kidogo, robo saa. Kuanzia hapo niliweka kengele ya simu, kila dakika kumi na tano mafunda manne, nina kiu sina kiu.

Karibu na hapo kuna maziwa yaliyochimbwa na watu, Al Qudra Lakes, yana ndege wengi hata heroe. Tulipita na pikapu kwa nusu saa. Miguu ilikuwa imeshasema basi.

Siku iliyofuata sikuigusa baiskeli, na ushauri wangu ni huo huo kwa yeyote: mji wa kale hauendeshwi, unatembewa. Nilivuka Creek, mkono wa bahari unaoupasua mji, kwa abra, mashua ya abiria, dirham moja tu, dakika chache, watu wamekaa mgongo kwa mgongo. Ni feri ya Likoni bila msukumano. Ng'ambo, Bur Dubai, ndiko kwenye mtaa wa Al Fahidi, nyumba za zamani zenye minara ya kukamata upepo, barjeel, inayouteremsha upepo ndani ya chumba. Ukisimama chini yake unasikia ubaridi kichwani hata bila umeme.

Lakini kilichonisimamisha kilikuwa dari. Niliingia chumba kimoja, nikainua macho, nikaona boriti. Boriti zetu! Miti ya mikoko, imepangwa sambamba, ile ile ya nyumba ya marehemu bibi yangu Mji wa Kale. Majahazi yalikuwa yakishuka na kaskazi yamebeba tende na mazulia, na yakipanda na kusi yanarudi na boriti za Lamu na Rufiji, maana kule miti ya kujengea hakuna. Ndio maana vyumba vyao ni vyembamba kama vyetu. Upana wa chumba ni urefu wa boriti, huwezi kuuzidisha. Nilimpigia mama simu ya video nikamwelekezea dari. Akasema, "Hiyo naiona. Udi je?"

Udi niliununua Deira, soko la viungo, kwa muuzaji aliyeniita "dada, karibu, bei poa" kabla sijafungua mdomo. Wafanyabiashara wetu wamewafundisha vizuri. Hata kuapa wanaapa kama watu wa soko letu la Marikiti.

Siku mbili za mwisho zilikuwa za starehe. Alfajiri ya Jumeirah, njia iko pembeni ya bahari, tambarare, unaiona hoteli ya Burj Al Arab imesimama kama tanga, na baada ya saa mbili na nusu asubuhi watembea kwa miguu wamekuwa wengi, ondoka. Jioni moja Nad Al Sheba, njia za mzunguko za kilomita 4, 6 na 8 zenye taa za usiku, nzuri kwa mwenye kutaka kukimbiza, kwangu mimi kuzunguka kama ng'ombe wa kinu kulinichosha kwa raundi tatu. Burj Khalifa niliitazama kutoka chini. Mita 828 zinaonekana vizuri tu ukiwa chini, na chemchemi yake inarushwa bure.

Kurudi, kidude cha gia nilikifungua. Nilikizungushia shuka ya mama, ile ya kwanza. Ya pili ikaenda kwenye fremu, tende katikati ya gurudumu, mafuta ya nywele ndani ya soksi, na udi pale palipobaki nafasi. Uwanjani Mombasa afisa akaniita, kama nilivyojua ataniita. "Hii baiskeli umeinunua huko?" Nikatoa risiti, nikatoa picha ya namba. Akailinganisha na fremu, akaridhika, kisha akainamia katoni tena, akavuta pumzi ndefu.

"Dada, baiskeli yako inanukia."