Siku moja kwenye ubao wa kumenyea waya, Magongo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Kazi yetu ni kununua nyaya chakavu, kuzimenya ganda na kuuza shaba iliyomo. Nafungua banda mapema, kabla malori ya bandarini hayajaziba barabara. Mpwa wangu hunikuta nikitoa mafurushi nje. Kisu hakiguswi kwanza. Kwanza ni kuanika: waya uliolala usiku kwenye saruji una ganda gumu, kisu kinateleza, na kikiteleza kinatafuta kidole. Tunazitandaza nyaya juu ya mabati zipigwe na jua. PVC, ile plastiki ya ganda, ikipata joto hulainika, na kufikia saa nne ganda linafunguka kama la ndizi mbivu. Watu wanalilalamikia joto la Mombasa, lakini kwetu hapa ni msaidizi asiyedai mshahara.

Saa moja

Mahamri na mbaazi, na chai ya rangi. Sharti la banda hili ni kwamba kula ni kabla ya kazi au baada ya sabuni, hakuna katikati. Sababu yake nitaieleza mbele.

Saa mbili

Wauzaji wanaanza kuja. Fundi wa stima kaleta masalio ya nyumba iliyopigwa waya upya huko Mikindani: nyekundu, nyeusi na kijani, rangi za zamani, kabla ya hizi za kahawia na buluu. Mama mmoja kaleta waya za pasi na feni zilizokufa. Kila mmoja naandika jina lake, nambari ya kitambulisho, na mali imetoka wapi. Sheria ya Vyuma Vikuukuu ya 2015 inamtaka mfanyabiashara aweke kumbukumbu, na mimi daftari langu nalipenda kuliko mizani. Wenye biashara hii tunakumbuka Januari 2022: minara ya umeme ilianguka, nchi ikaingia giza, na siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara yote ya vyuma vikuukuu. Marufuku yaliondolewa Mei mwaka huo. Katikati hapo aliyenunua mali ya wizi na aliyenunua kwa haki walifungiwa mlango mmoja.

Kwa hiyo leo kijana alipofungua gunia na ndani nikaona alumini iliyosokotwa yenye uti wa chuma katikati, sikuuliza bei. Huo ni waya wa laini ya stima, hautumiki ndani ya nyumba ya mtu yeyote. Nikamwambia, "Mwanangu, funga gunia lako. Waya huo hapa haupimwi." Akanikasirikia, akaenda zake.

Saa tatu

Kuchambua. Hapa ndipo pesa inapopatikana au kupotea, na hapa simwachii mtu. Kwanza sumaku: waya wa kati wa kebo nyingi za antena ya TV ni chuma kilichopakwa shaba, sumaku inaunasa mara moja. Kisha wembe: nakwangua ncha. Ukiona wekundu juu na weupe ndani, hiyo ni alumini iliyovishwa shaba, nayo imejaa kwenye nyaya za bei rahisi za spika na za eksitensheni. Mkono wenyewe unakwambia, maana shaba ina uzito zaidi ya mara tatu ya alumini ya ukubwa uleule. Kinyume chake kipo pia: waya mweupe kwa nje ambao ukiukwangua ni mwekundu ndani. Hiyo ni shaba iliyopakwa bati dhidi ya kutu, usiitupe kwenye fungu la alumini.

Anayeanza kazi hii namfundisha hesabu moja tu. Waya wa soketi, ule wa milimita 2.5 za mraba, una gramu 22 na kitu za shaba kwa kila mita. Rola nzima ya mita 100 ni kilo mbili na robo hivi. Waya wa taa, 1.5, rola yake haifiki kilo moja na nusu. Waya wa pasi wenye ganda la nje na maganda matatu ndani unaonekana mnene, lakini uzito wake mwingi ni plastiki. Ukinunua kwa unene wa macho utalia jioni.

Saa nne hadi saa saba

Kumenya. Ubao wetu ni kipande cha mbao ngumu kilichochimbwa mfereji. Juu ya mfereji tumefunga wembe kwa skrubu mbili, na skrubu hizo ndizo zinazoamua kina. Wembe unapaswa kukata ganda na kuigusa shaba bila kuiumiza. Unachana ncha kwa kisu, unaishika kwa plaizi, unavuta. Ganda linapasuka nyuma ya wembe mstari mmoja, na vidole vya mkono wa pili vinalifungua. Kila unene wa waya una kipimo chake, ndiyo maana tunamaliza saizi moja kabla ya kugusa nyingine.

Waya mgumu wa nyumbani hunipa raha kweli. Ukitoka, shaba inang'aa, safi, haina hata alama ya jasho. Waya laini wenye nyuzi nyingi unataka subira, maana uzi mmoja ukinasa kwenye wembe wote unavurugika. Waya za simu na za kompyuta hatuzimenyi kwa mkono. Zinakula mchana mzima kwa shaba kidogo tu. Tunaziuza na ganda lake kwa bei ya chini. Mpwa wangu anavaa glavu mkono unaovuta tu. Wa pili unahitaji kuhisi.

Saa saba

Sabuni hadi kwenye viwiko, sala, wali na maharage.

Saa nane

Kijana wa jirani kaja na furushi la eksitensheni. "Shangazi, kwa nini hatuchomi? Dakika kumi yote ni shaba."

Nimemketisha. PVC halisi, zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini. Ukiichoma inatoa gesi ambayo ikikutana na unyevu wa koo na mapafu inakuwa asidi. Kibaya zaidi ni sumu kali ziitwazo dioksini, na shaba iliyomo motoni husaidia kuzitengeneza. Mkataba wa Stockholm wa 2001, ule wa kimataifa juu ya sumu zisizooza upesi, unautaja uchomaji wa nyaya za shaba miongoni mwa vyanzo vya sumu hizo. Kule Agbogbloshie, Accra, nchini Ghana, walikochoma nyaya miaka mingi, mayai ya kuku wa pale yalipimwa yakakutwa na dioksini nyingi mno. Nasi hapa kuku wanazurura mpaka mlangoni.

Halafu kuna risasi, ile metali yenye sumu, iliyotiwa kwenye maganda mengi ya zamani ili yasiharibiwe na joto. Hatuhitaji kwenda mbali kuijua risasi. Mtaa wa Owino Uhuru uko hapa hapa Mombasa, na Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi wake walipwe shilingi bilioni 1.3 kwa madhara ya kiwanda cha kuyeyusha betri za risasi. Ndiyo sababu ya sabuni.

Na bei, maana nalijua tumbo la kijana. Shaba iliyochomwa ni nyeusi, mnunuzi anaipa daraja la chini, na nyuzi nyembamba zimeliwa na moto. Iliyomenywa inalipwa zaidi. Nimempa ubao mdogo, akaketi karibu na mpwa wangu.

Saa kumi

Mnunuzi anapita na pikapu. Bei yake inafuata soko la London la metali, kwa hiyo mpwa wangu ameiangalia kwenye simu tangu asubuhi. Tunapima mbele ya kila mtu, fungu kwa fungu, na yule kijana akalipwa kilo zake mkononi mwake.

Saa kumi na moja na nusu

Tunanyunyiza maji kabla ya kufagia, vumbi lisipande. Nguo za kazi zinabaki bandani. Mtoto wangu ananirukia nikifika mlangoni, sitaki nimfikishie vumbi hili.

Kilichobaki ni maganda. Magunia yameufunika ukuta wa nyuma, yamepangwa kwa rangi, hayana shaba ndani, na hapa Magongo sijapata wa kuyachukua zaidi ya wanaotaka kuyachoma. Mwenye mashine ya kusaga PVC laini, au anayetengeneza soli au mipira ya maji, na yuko Mombasa au hata Mariakani, aniandikie hapa chini. Bei tutaelewana, na usafiri nitagharamia nusu.